Mbili Kutoa Mbili, Ikabaki Moja

Mtaa wa Jada'a,
Salt, Jordan.
Jumanne, 24 Septemba 2019.

Mdogo wangu mpendwa Nayef,

Amani iwe juu yako na juu ya nyumba yako yote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Marcela na wanangu wawili, na kwamba baridi ya huko Concepción imeanza kulegea. Mgongo wako vipi? Uliniambia daktari amekukataza kuinua vitu vizito, nami nakujua vizuri: ukikatazwa ndipo unaponyanyua. Tafadhali mtii daktari. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Goti langu la kulia linaniuma nikipanda ngazi, na kwa kuwa mji huu ni ngazi tupu, linaniuma kutwa. La kushoto halina neno.

Kaka yetu Fawwaz ni mzima. Sukari yake imeshuka tangu mwezi uliopita. Wifi Inaam anasema imeshuka kwa sababu biskuti amezifungia kabatini na ufunguo anatembea nao. Fawwaz anasema imeshuka kwa nguvu ya nia yake. Mimi nimekaa kimya, ingawa najua ufunguo uko wapi.

Mitini imezaa vibaya sana mwaka huu, yaani vizuri mpaka kero. Nimepika jamu mitungi kumi na minne. Miwili ni yako, nitamtafuta msafiri wa kuileta.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono wakati simu ipo. Ningekupigia, lakini nikipiga Fawwaz husogea karibu na kunisahihisha kila neno, na jambo la juzi nataka nilieleze lote mwenyewe bila kusahihishwa. Kusahihisha ni kazi yangu mimi.

Jambo lenyewe linahusu ile programu ya gereji uliyotutumia mwezi wa Machi. Sikukuambia ilivyopokewa, kwa sababu nilitaka kulinda udugu. Leo naweza kukuambia. Fawwaz aliitazama kwenye kompyuta kama mtu aliyeletewa mahari pungufu. Alisema, "Nayef amekaa ughaibuni miaka kumi na tisa, sasa ameniletea mkaguzi?" Tangu siku hiyo programu ikaitwa Mkaguzi, na jina halijatoka.

Unakumbuka mambo yalivyokuwa tangu enzi za marehemu baba. Gari likiingia, linaandikiwa kwa penseli kwenye kipande cha boksi, kipande kinaning'inizwa kwenye kioo. Gari likitoka, kipande kinawashia moto wa chai. Ukimuuliza Fawwaz gari la fulani lilitiwa spea gani mwaka juzi, hukuna kidevu, akakujibu, na mara tisa kwa kumi hakosei. Mimi niliyefundisha hesabu miaka thelathini na moja naiogopa ile mara ya kumi.

Basi nilipostaafu nikajitia ofisini, kwenye kile chumba cha kioo. Kila gari likiingia ninalifungulia hati ya kazi yenye namba yake. Kila spea inayotoka stoo naielekezea kile kidude chekundu, kinasoma mistari ya boksi, kinalia tii, spea inaingia kwenye hati ya gari lile, na hesabu ya rafu inapungua yenyewe. Ni jambo zuri kulitazama, Nayef. Wiki mbili za kwanza hawakunipenda. Nilitia kufuli mlango wa stoo, nikatangaza kwamba hata skrubu haitoki bila kulia. Shukri, fundi wetu mtaratibu wa kutoka Dar'a, aliapa kuwa hilo tii analisikia mpaka kwenye sala. Fawwaz naye akawa akisimama mlangoni, mikono nyuma, anauliza kwa unyenyekevu wa uongo, "Mwalimu, hebu muulize Mkaguzi kama ataniruhusu kupumua humu."

Lakini wakazoea. Kufika Ramadhani Shukri mwenyewe alikuwa akinirudisha, "Mwalimu, hiyo plagi hujailiza." Nilifurahi kuliko siku niliyopewa cheti cha kustaafu. Na hapo ndipo nilipojiona nimefika, na anayejiona amefika ndiye hujikwaa kizingitini.

Sasa nikukumbushe desturi moja ya gereji yetu, maana kosa langu lilizaliwa humo. Baba alikuwa akikutilia spea mpya, ile kuukuu anaiosha kwa petroli mpaka inang'aa, anaitia ndani ya boksi la ile mpya, anafunga kwa kamba, na kukuwekea kwenye kiti cha mbele. Akisema mteja aone kwa macho yake kilichotoka, na asichafue kiti chake. Fawwaz hajaiacha desturi hii hata siku moja. Mafundi wengine wa mtaani humcheka kwamba anaosha maiti.

Mwezi wa Juni tulinunua mipira miwili ya breki, ile mirija inayopeleka maji ya breki kwenye gurudumu, ya lile gari la kizamani la Kijerumani, unalijua, lile ambalo nusu ya teksi za hapa zilikuwa aina yake. Mmoja tukaufunga kwenye teksi ya Abu Nimr. Mpira wake wa zamani ulikuwa umechoka kwa ndani. Kwa nje hauonyeshi kitu, mpaka uukunje karibu na kile kichwa cha chuma ndipo utaona nyufa. Fawwaz akauosha, akautia boksini, akafunga kamba. Abu Nimr akacheka, akasema, "Mimi na wewe tumejuana miaka arobaini, nikautazame wa nini?" Akaliacha boksi kwenye meza ya ofisi na kwenda zake.

Lilikaa pale. Kamba ikakatwa na mtu aliyetaka kamba. Mwezi wa Agosti nikafanya hesabu ya stoo nzima, mimi peke yangu, kwa siku mbili, na kilemba changu cha vumbi. Nikaliona boksi juu ya meza, jipya, safi, limeandikwa mpira wa breki, nikasema, haya, watu hawa wameanza tena kuacha vitu ovyo. Nikalirudisha rafuni pembeni ya mwenzake. Mkaguzi alisema rafu ina mpira mmoja. Mimi niliona maboksi mawili. Nani aaminiwe, mashine au macho ya mwalimu? Nikaisahihisha mashine. Nikaandika mbili. Programu ikaniuliza nina hakika, nikabonyeza ndiyo, na nakumbuka nilibonyeza kwa nguvu kidogo. Sikulifungua boksi.

Alhamisi ya wiki iliyopita likaja gari jeupe la aina hiyohiyo, linang'aa kama sahani ya mgeni. Ni la Haji Awad, mkulima wa nyanya kule Bondeni. Mwanawe Muhannad anaoa binti wa hapa Salt, na Haji ameapa bibi harusi atateremka Bondeni ndani ya gari alilomchukulia mama yake bwana harusi mwaka sabini na tisa. Wakataka breki zitazamwe, kwa sababu ya mteremko. Shukri akaona mpira wa mbele kushoto umechoka, akaja stoo, akachukua boksi la karibu, nikaliliza, tii. Hati namba 417. Akaufunga, akatoa hewa, akakanyaga, breki ngumu kama jiwe. Gari likalala kwetu, Ijumaa asubuhi Muhannad akaja kulichukua kwenda kulipamba maua.

Ijumaa hatufanyi kazi, unajua. Lakini baada ya chakula, kama saa tisa mchana, nilishuka ofisini kuandaa orodha ya spea za kuagiza Jumamosi. Napenda ofisi ikiwa kimya. Nikafika kwenye mipira ya breki. Programu inaeleza habari za kila spea tangu ilipoingia: imenunuliwa miwili, imetumika miwili, mmoja kwa Abu Nimr, mmoja kwa Haji Awad, imebaki mmoja.

Niliisoma mara mbili. Mbili kutoa mbili, ikabaki moja. Nimewapigia watoto mstari mwekundu kwa makosa madogo kuliko hilo. Nikashuka chini zaidi kwenye ukurasa nikaona mstari wa mwezi wa Agosti: imeongezwa moja, kwa mkono, na Wijdan.

Nilikwenda kwenye rafu. Nikalifungua lile boksi lililobaki. Ndani yake mlikuwa na mpira mpya kabisa, bado una vifuniko vyake vya plastiki kwenye ncha zote mbili.

Basi yule maiti aliyeoshwa, mpira wa zamani wa Abu Nimr, alikuwa kwenye gari la harusi.

Niliogopa, Nayef. Sijawahi kuogopa vile hata siku ya mabomu ya mwaka ule tulipokuwa wadogo. Nilipiga namba ya Muhannad iliyo kwenye hati. Simu ikalia mpaka ikachoka. Nani anayesikia simu kwenye ngoma ya harusi yake? Nikampigia Fawwaz, nikamtoa usingizini, nikamweleza kwa maneno kumi. Nilitegemea kelele. Alisema tu, "Chukua huo mpira mpya, nakuja." Hakunilaumu hata neno moja, na laiti angenilaumu ningepata nafuu.

Akaja na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, iliyopigwa pasi na wifi Inaam, akatupa spana na chupa ya maji ya breki ndani ya lile gari letu la kuvutia magari mabovu, tukaondoka. Nyumbani kwa bibi harusi tulimkuta bibi mmoja peke yake mlangoni akifagia peremende na mchele vilivyorushwa.

"Wameshaondoka!" akatuambia kwa furaha. "Mmechelewa, lakini kahawa bado ya moto."

"Wameenda wapi?"

"Si kuzunguka mji? Bwana harusi gani asiyezunguka mji?"

Mungu akurehemu, bibi wewe. Desturi ya kuzunguka mji mara tatu kwa honi, ambayo nimeilaani kila Ijumaa ya maisha yangu nikiwa nasahihisha madaftari, ndiyo iliyotupa dakika. Fawwaz hakuwafuata. Alikata njia ya makaburini, akatokea mwanzo wa barabara ya Bondeni, pale kwenye kona ya mwisho kabla mteremko haujaanza, akaligeuza gari letu likalala katikati ya barabara kama ng'ombe aliyegoma. Kisha akashuka, akasimama mbele yake, mikono ameipanua.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo, na nilikumbuka kwa kuchelewa. Unadhani watu wa harusi wakiona mzee mwenye kanzu safi amewazibia njia wanafikiri nini?

Msafara ukatokea, magari kama ishirini, lile jeupe mbele limefunikwa maua. Likasimama. Lilisimama vizuri tu, na hilo likatuharibia kesi. Akashuka baba mdogo wa bwana harusi, mtu wa tumbo na furaha, ngoma inaning'inia shingoni.

"Ehee!" akapiga kelele. "Mjomba wa bibi harusi huyo! Haachi njia bila kulipwa haki yake!"

"Mimi si mjomba," Fawwaz akasema. "Mimi ni fundi. Zimeni gari."

"Leo hata fundi ni mjomba!" Akamtia dinari kumi mfukoni.

"Sitaki hela! Nasema breki!"

"Jamaa, anasema haitoshi! Ongezeni!"

Wakaongeza. Fawwaz anazitoa mfukoni, wao wanazirudisha. Kadiri anavyokasirika ndivyo wanavyofurahi, maana mjomba anayekubali haraka hana thamani, na huyu wetu alikuwa akionekana ana thamani kubwa sana. Wanawake kwenye magari ya nyuma wakaanza vigelegele. Vijana wakashikana mikono wakacheza dabke mumo humo barabarani. Mwishowe akashuka Haji Awad mwenyewe, akamtazama kaka yako kwa heshima, akavua joho lake jeusi la manyoya ya ngamia lenye ukingo wa dhahabu, akamvisha begani kama anavyovishwa mjomba.

"Mzee, umeshinda," akasema. "Sasa tupe njia."

Nayef, kama si hofu ningecheka mpaka nianguke. Fawwaz alisimama na joho la watu, noti zinamchungulia mfukoni, uso mwekundu. Kisha akafanya alichokijua. Alijitupa chini na joho lake, akaingia chini ya gari la bibi harusi. Ikabaki miguu.

Kicheko kikakatika. Mimi nikasogea mbele, nikatoa ile sauti yangu ya darasani ambayo nilikuwa sijaitumia tangu nistaafu. "Kimya!" Wakanyamaza wote, na si ajabu, robo yao niliwafundisha.

Dirisha la nyuma likashuka. Ndani ya shela nikaona macho ninayoyajua. "Mwalimu Wijdan?" Alikuwa Raghad, aliyekuwa akikaa dawati la pili karibu na dirisha.

Nikawaambia wazi. Kwamba gari hili lina mpira mbovu wa breki. Kwamba fundi hana kosa. Kwamba mimi ndiye niliyeurudisha rafuni bila kutazama, na mimi ndiye niliyeiambia mashine uongo mashine ikaniamini.

"Lakini linasimama," Muhannad akasema kwenye usukani. "Nimezunguka nalo mji mzima."

Sauti ya Fawwaz ikatoka chini, "Mjini hukanyagi kwa nguvu. Kanyaga sasa. Kanyaga kama uko mteremkoni na mkeo yuko nyuma."

Muhannad akakanyaga. Akaachia, akakanyaga. Mara ya tatu tukasikia kitu kama mtu anapiga chafya, na maji ya breki yakaruka kwenye joho la Haji Awad, begani kwa kaka yako, na kanyagio likazama mpaka chini.

Haji Awad alitembea hatua chache mpaka ukingo wa kona, akatazama barabara inavyoteremka mpaka Bondeni, akarudi. Macho yake yalikuwa yamelowa. Akasema, "Fundi, chukua muda wako."

Kazi ile, kama unavyojua, inataka mtu wa kukanyaga breki huku mwenzake akitoa hewa chini. Muhannad kila akiambiwa ashike, aliachia. Mlango wa nyuma ukafunguka, Raghad akatoka na gauni lake lote, akamsukuma mumewe upande wa pili.

"Nimekalishwa kama sanamu tangu saa saba," akasema. "Nipeni kazi."

"Gauni, binti!" akalia shangazi mmoja.

"Gauni la siku moja, shangazi."

Akaketi, akapandisha shela mabegani. Chini Fawwaz anaita, "Kanyaga! Shika! Achia!" na juu kiatu cheupe kinatii. Baba mdogo mwenye ngoma alivumilia kidogo, kisha akashindwa, akaanza kuipigia mdundo: kanyaga, shika, achia. Wanawake wakaupokea kwa makofi. Basi mpira wa breki ulifungwa kwa vigelegele, nadhani ni wa kwanza tangu magari yaumbwe. Katikati ya mdundo Raghad akanigeukia, akanong'ona, "Mwalimu, kwa hiyo na wewe unakosea kutoa?"

Nikamwambia, "Nilikosea kujumlisha. Kutoa ndiko kulikotuokoa."

Walipomaliza, Fawwaz akajaribu breki mara ishirini, akaniashiria nisogee. Nilidhani anataka kitambaa. Akasema mbele ya watu wote, "Haliondoki kabla halijaandikwa."

Yeye, Nayef! Nilitoa simu, maana programu yako inafunguka hata kwenye simu, nikaifungua hati namba 417 hapohapo juu ya boneti. Nikautoa ule mpira mbovu kwenye hati kama wa kutupwa, nikaliliza boksi la mpya kwa kamera ya simu. Rafu ikasoma sifuri. Sijawahi kuipenda sifuri kama ile. Fawwaz akainama, akaisoma na miwani yake puani, akaitikia kwa kichwa, ndipo akaenda kuliondoa gari letu njiani.

Hawakutuacha. Tulisukumwa kwenye msafara, mimi na gari la kuvutia mabovu, mpaka Bondeni, nyuma tu ya bibi harusi. Tumekula mansafu ya kondoo kumi na wawili. Hela za watu Fawwaz alizirudisha zote, ila joho Haji Awad alikataa katakata kulipokea, doa na yote. Kaka yako, mwenye sukari na umri wa miaka sitini na sita, amecheza dabke katikati ya vijana akiwa na joho lenye maji ya breki, na amekula vipande vitatu vya kunafa iliyolowa shira. Usimwambie wifi Inaam, tumekubaliana kuwa ni kimoja.

Jumamosi Shukri alikuja na uso wa msiba, akitaka kuacha kazi kwa aibu. Fawwaz akamwambia kwamba akitaka kuacha atafute sababu yake mwenyewe, hii ina wenyewe. Kisha akanigeukia: "Bila mashine yako usingeliongeza lile boksi." Nikamjibu, "Bila mashine yangu usingejua liko kwenye gari la nani." Tuliendelea hivyo mpaka Shukri akasema, "Nyote mna haki, sasa chai iko wapi?" Desturi ya baba haijavunjwa. Spea kuukuu bado inaoshwa na kutiwa boksini, ila sasa inakatwa vipande viwili kwa msumeno kwanza. Abu Nimr amepelekewa vyake nyumbani, apende asipende.

Limebaki moja. Unapobadilisha kitu kwenye hati, programu inataka uandike sababu, na bila sababu hati haifungiki. Siku ile barabarani niliiacha wazi. Jumamosi nikakaa mbele yake nikaandika, nikafuta. Jumapili vilevile. Nimeandika ripoti za watoto elfu ngapi mimi, na sentensi hiyo moja ilinishinda.

Jana Jumatatu Fawwaz akasema twende Bondeni, anataka kuutazama ule mpira baada ya siku tatu za kazi. Tulilikuta gari uani, maua yamenyauka juu ya boneti. Akalala chini tena, akaukunja mpira, akaupapasa, akautazama kwa tochi kila upande. Raghad alitoka jikoni na unga mikononi, mikono imejaa hina, akatuletea chai ya mnanaa na kuanza kumcheka mama mkwe wake anavyokoroma, naye mama mkwe akamjibu kutoka dirishani. Muhannad alikuwa shambani akipanda miche. Nyumba nzima ilikuwa na kelele za watu walio hai na wazima.

Fawwaz aliinuka, akajifuta magoti. Akanikuta nimeishika simu, hati imefunguka, ile nafasi ya sababu nyeupe.

"Bado hujaandika?"

Nikamwambia sijui niandike nini.

Alimtazama yule binti akigombana na dirisha, akatazama kule juu tulikotoka. "Andika," akasema. "Tulikosea. Tukawafuata."

Nikaandika hivyo, maneno mawili, bila kuongeza. Akanitazama mpaka nikamaliza. "Sasa funga," akasema. Nikafunga.

Ndugu yangu, msalimie sana Marcela, wabusu Lina na Mateo kwa ajili ya shangazi yao wa mbali. Wifi Inaam anakusalimu, Shukri anakusalimu, Abu Nimr anauliza lini utarudi akutembeze kwa teksi yenye breki. Fawwaz hakuniambia nikusalimie, ila stempu za barua hii amezinunua yeye mwenyewe, na tangu asubuhi ananiuliza kama nimeshaipeleka posta. Mungu akulinde barabarani na nyumbani, akuwekee mtu wa kukufuata kila unapoelekea mteremkoni bila kujua.

Dada yako akupendaye tangu ulipozaliwa,

Wijdan